Walivyonilisha Njiani Kwenda Nshamba

Nimechoka kusimulia kipande kipande. Anakuja mmoja kuchukua suruali yake, ananiuliza, naanza. Sijafika nusu anatokea wa pili, ananirudisha mwanzo, na shati la watu linabaki halina mkono. Basi nimeandika yote. Atakayekuja barazani kuuliza nitampa asome huku mimi nikishona. Habari za ruhusa, na nani alinishikia cherehani, mtanisamehe, hazina utamu wowote.

Ila kwanza, kwa ninyi mliozaliwa mbali na huku, jueni jambo moja. Kwetu Uhaya mtu haambiwi msiba akiwa njiani, wala haambiwi akiwa na njaa. Akiambiwa njiani ataanguka, na nani atamshika? Akiambiwa na njaa, atakula lini tena? Kwa hiyo anaambiwa mgonjwa hali yake si mbaya, analishwa, anafikishwa penye watu, na hapo ndipo anaelezwa. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimeshawalisha watu wengi namna hiyo. Sikujua inavyouma ukiwa wewe ndiye unayelishwa.

Bilele

Ulikuwa mwezi wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Nilikuwa hapa Bilele mjini, barazani kwa Mhindi, napiga pindo la gauni, nikamwona Byabato, dereva wa lori la chumvi, anakuja upande wetu. Byabato hajawahi kupita mbele yangu bila kunitania kwamba nashona magunia. Siku hiyo aliniona, akasimama, kisha akapinda kuelekea kwa jirani yangu Mzee Felisiani. Nikajisemea, huyu leo ana nini?

Haukupita muda, akaja Mama Koku, mke wa Felisiani, amebeba sahani ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki. Saa ya kula ilikuwa bado kabisa.

"Kula kwanza, baba," akasema.

"Kuna nini, Mama Koku?"

"Hakuna kitu. Wewe kula."

Nikaacha kuzungusha gurudumu la cherehani. Nyuma yake wakaja Felisiani na Byabato, wakakaa, mmoja kulia, mwingine kushoto, kama watu wanaotaka kumdaka mtu asianguke. Nikamega tonge moja ili waseme.

"Lori la Saidi limepinduka," Byabato akasema. "Kule kwenye mteremko, wakitoka Nshamba na kahawa. Mdogo wako ameumia mguu."

Mdogo wangu ni Mutalemwa, na tangu mama yetu afariki tumebaki sisi wawili tu. Yeye ni utingo. Anapanga magunia, anafunga turubai, na lori likikwama kilimani anaruka chini na kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Dereva wake ni Saidi, mtu wa Ujiji, asiye na mke wala mtoto huku kwetu. Saidi ndiye aliyemfundisha kazi. Walikuwa wakikaa chumba kimoja na kupika chungu kimoja, na Mutalemwa alikuwa akimwita baba.

"Ameumia mguu tu?" nikauliza.

"Mguu tu."

"Na Saidi?"

"Saidi naye yuko huko huko," akajibu, macho yake yakiwa chini kwenye kandambili zake.

Sasa niambieni ninyi. Mtu wa kwenu ameumia mguu tu, kwa nini uletewe samaki mzima? Kwa nini Byabato asiangalie uso wako? Nikawashukuru, nikanawa mikono, nikaingia dukani. Nikamwambia Mhindi anikatie marekani nyeupe ya kumtosha mtu mrefu. Mutalemwa ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima.

"Nani?" Mhindi akauliza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu. Ameumia mguu," nikamjibu, nikaiweka sanda kwapani.

Juu ya magunia

Niwaambie ukweli, miguu yangu ilikataa kupanda lori. Nilisimama pale stendi, nimeshika ubao wa nyuma, naona magurudumu tu. Lakini kwenda Nshamba kwa miguu ni kufika watu wameshazika na kutawanyika. Nikapanda. Lilikuwa lori la mikeka na mafuta ya taa, nasi abiria tukakaa juu ya mzigo. Dereva alikuwa kijana aliyevaa kofia upande, akiimba tangu tulipotoka mjini. Tulipopita Kagondo aliimba kwa nguvu zaidi na akakanyaga mafuta. Nikampigia paa la chumba chake kwa ngumi.

"Wewe! Umebeba watu!"

"Mzee, usiogope, mimi na barabara hii ni mtu na shangazi yake," akajibu, akaendelea kuimba.

Habari za ajali zilikuwa zimetutangulia, na kila abiria alikuwa na ajali yake. Mmoja alisema lori la kahawa limeua watu wote waliokuwamo. Mwingine akasema hapana, limeua ng'ombe. Wa tatu, mzee mwenye kikohozi, akatoa hukumu: "Siku zote anayekufa ni utingo. Dereva ana mlango, anaruka. Utingo yuko juu ya magunia, ataruka wapi?" Wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nikatazama migomba.

Karibu na Kyetema gurudumu likatoboka. Dereva akaacha kuimba, tukashuka, na kazi ya kuziba ikaanza, maana gurudumu la akiba nalo lilikuwa limetoboka tangu juzi. Nilikaa kando ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku wawili akaniangalia, akaiangalia marekani yangu, akafungua kanga na kunipa ndizi, gonja ya kuchoma.

"Kula, baba."

"Kwa nini unanipa?" nikamuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

"Kwani huna njaa?"

"Nani amekuambia nina njaa? Umesikia nini?"

Yule mama akawakusanya kuku wake, akaenda kukaa upande wa pili wa lori. Leo najua kwamba aliona sanda tu, akaniona nimekaa peke yangu, akanihurumia. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu kichwani: sahani mbili, na bado sijafika hata Kemondo. Huyu mtu amekufa.

Hapo ndipo nilipopata akili ya kijinga kuliko zote maishani mwangu. Nikajiambia, nisipokula, hawawezi kuniambia. Na wasiponiambia, Mutalemwa bado ameumia mguu. Ile gonja nikaitupa kwenye nyasi. Kemondo tuliposimama, watu wakashuka kununua samaki wa kukaanga, mimi nikabaki juu ya mikeka huku nimeziba pua.

Muhutwe

Lori la nyimbo lilikuwa linaishia Muhutwe. Tuliingia na mvua kubwa, na hakuna gari jingine lililokuwa tayari kwenda mbele siku hiyo. Nikaonyeshwa nyumba ya mjane mmoja, Ma Kemilembe, anayepokea wasafiri. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, ana picha ya mfalme wa Waingereza ukutani na kalenda ya kanisa chini yake. Akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima. Nikaipokea nikaiweka mfukoni.

Kisha akaleta senene. Siyo kiganjani, jamani, beseni. Senene wa kwanza wa msimu, wamekaangwa wakang'aa, wale ambao watu huwafichia wageni wasiwaone. Nilipoona lile beseni machozi yakanitoka. Kama mjane asiyenijua ananipa senene wa namna hii, basi si mdogo wangu peke yake aliyekufa, labda ni ukoo mzima.

"Asante, mama. Sili."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi ni Msabato?"

"Ni Mlutheri."

"Sasa Mlutheri anakataaje senene?" Akashika kiuno. "Mimi mwanamke, mama mkwe wangu hakuniruhusu hata kuwaonja, nilikuwa nawanyonyoa miguu na mabawa tu, wanaume wanakula. Wewe umeruhusiwa unaringa?"

Nikalala na njaa yangu. Asubuhi nikaamka nimeibadili akili. Hofu nayo inachosha. Nikasema potelea mbali, nitakula kila ninachopewa, nishibe, ili mtu aniambie na mambo yaishe. Nikamwomba Ma Kemilembe beseni lake. Nikala senene, nikala ebitoke vya jana, nikanywa chai vikombe nisivyovikumbuka. Yeye alifurahi sana. Nikanawa, nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Mama, nimeshiba. Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Kilichotokea."

"Wapi?"

"Nshamba! Kwa mdogo wangu!"

"Mwanangu, mimi ni mjane wa hapa Muhutwe. Ya Nshamba nitayajuaje? Nimekupa senene kwa sababu wamekuwa wengi na watoto wangu wako mbali." Akanifungia wengine kwenye jani la mgomba, nikaenda nao barabarani.

Kwenye mteremko

Lori la kahawa lililokuwa linarudi tupu likanichukua hadi Muleba. Kutoka hapo nikapanda kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wanakwenda gulioni. Udongo wa barabara ulikuwa umeloa, mwekundu, unateleza. Njia nzima sikuona gari lililothubutu kuteremka.

Lori la Saidi nililiona kabla ya kuambiwa. Lilikuwa limelala ubavu chini ya barabara, limeegemea mti, chumba cha dereva kimebonyea kabisa. Magunia yalikuwa yamepasuka na kahawa imemwagika juu ya matope hadi kwenye kibanja cha watu, chini ya migomba yao. Akina mama walikuwa wanaizoa, nao askari mmoja wa bomani amesimama kuwalinda wasije wakaizoa moja kwa moja hadi nyumbani. Kwenye tope niliona mistari ya magurudumu, inakwenda sawa, kisha inapinda. Nilikaa chini pale pale.

Yule askari alikuwa Msukuma. Moyoni nikashukuru: huyu si wa kwetu, huyu hajui mambo ya kulishana, ataniambia kitu wazi.

"Afande," nikasema, "waliokuwamo humu walikuwa wawili. Wako wapi?"

"Mmoja amekufa, mmoja mzima," akajibu palepale.

"Amekufa nani?"

"Amekufa yule..."

"Ewe!" Sauti ikatoka nyuma yetu. Alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti zito la jeshi, nikaja kujua anaitwa Mzee Kagaruki. Alimjia askari kidole kikiwa juu. "Kwenu ndivyo mnavyofanya? Mtu yuko barabarani, amesimama kwenye tope, humjui amekula au hajala, unamtolea maneno hayo?"

"Ameniuliza, mzee."

"Akikuuliza ndiyo umjibu?" Akanigeukia, akaiona marekani kwapani, na uso wake ukalainika. "Waitu, bwana, wewe umetoka mjini?"

"Nimetoka Bilele. Nimemfuata ndugu yangu."

"Pole, mwanangu. Pole sana. Tulikuwa tunakungoja." Akanishika mkono, akanichomekea kahawa ya kutafuna mdomoni kama mtoto mdogo. "Twende polepole. Nyumbani kuna watu."

Tulikuwa tunakungoja. Nilitafuna ile kahawa, sikuisikia ladha. Yule askari akatutazama tunaondoka, akatikisa kichwa.

Nshamba

Msiba ulikuwa nyuma ya duka moja la Mwislamu, pale sokoni Nshamba. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa. Waliponiona nimeshikwa mkono, wote wakasimama. Mwanamke mmoja akaja na bakuli la uji, na mimi nikalinywa hadi mwisho nimesimama, maana nilijua huo ndio mlango wa mwisho. Kisha wakanikalisha. Mzee Kagaruki akakaa karibu yangu, akanishika bega.

"Mwanangu, jikaze. Ndugu yako tumempoteza."

Nikasema, "Najua. Nilijua tangu Bilele. Nionyesheni."

Ndani alikuwa amelazwa juu ya mkeka, amefunikwa blanketi. Kando yake alikaa mwalimu wa madrasa akisoma kwa sauti ndogo. Niliona ajabu kidogo, Mutalemwa ni Mlutheri, lakini mtu katika hali ile hafikiri. Nikapiga magoti. Mwalimu akanifunulia blanketi.

Nikaona masharubu.

Mutalemwa hana masharubu. Mutalemwa ndevu zenyewe zinamkataa. Aliyelala pale alikuwa Saidi.

"Bwana asifiwe!" nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Nikafunika mdomo kwa mkono, lakini lilikuwa limeshatoka. Yule mwalimu akaniangalia kwa huruma, akasema taratibu, "Alhamdulillahi kwa kila hali. Mnaona imani ya mtu huyu?" Watu wakaitikia. Na mimi, badala ya kushukuru kwamba nimeokolewa, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Wakanitoa nje, wawili wakanishika mikono, wakisema msiba umempanda kichwani.

"Si ndugu yangu," nikawaambia.

"Ndiyo, ndiyo," wakasema. "Kaa chini."

"Mzee Kagaruki, nisikilize! Yule ni Saidi. Ndugu yangu ni utingo wake. Yuko wapi utingo?"

Mzee akaniachia bega. "Yule kijana mrefu? Yuko kwa mganga wa mifupa, hapo ng'ambo ya soko. Ameumia mguu."

"Mguu tu?"

"Mguu tu. Asubuhi alikuwa anagomba kwamba chai haina sukari."

Jamani, ninyi mnaoniuliza habari ya safari, safari yangu ndiyo hiyo. Kama ningekufa pale ningekufa nimeshiba na nimefurahi. Niliinuka nikimbie. Lakini Mzee Kagaruki alikuwa bado ananitazama, na wale watu wote walikuwa wametazama chini. Ikanijia kwamba walikuwa wamengoja mtu kutoka mjini aje asimame kama ndugu wa marehemu. Dereva wa Ujiji, nani angekuja? Wamemwosha, wamechimba kaburi, na sanda hawajapata ya kutosha.

Basi nikasimama mimi. Mwalimu akaipokea ile marekani. Nikaikata kwa mkasi wa duka, maana nilikuwa nimeipima kwa mtu mrefu na Saidi alikuwa mfupi. Tulimzika baada ya sala ya alasiri. Waislamu walikuwa wachache, tukawasaidia sisi wengine, Walutheri na Wakatoliki, kubeba jeneza na kurudisha udongo. Watu wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, nami nikaupokea. Sikujihisi mwongo. Kilichonisumbua ni miguu tu, ilikuwa inataka kukimbia kuvuka soko.

Kwa mganga wa mifupa

Mutalemwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa kwa vijiti na maganda ya mgomba. Aliponiona akaanza kulalamika, na sijawahi kusikia malalamiko matamu kama hayo.

"Kaka, umekuja lini? Hawa watu wananilisha uji tu. Na huyu mganga ana mikono ya kuvunjia kuni."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaushika ule mguu mzima, kisha nikaushika na ule uliovunjika, akapiga yowe. Nikawafungua senene wa Ma Kemilembe. Mke wa mganga akaleta ebitoke, tukala. Alinieleza jinsi breki zilivyokataa, jinsi Saidi alivyopiga kelele, "Mwanangu, ruka!" Na yeye, aliyezoea kutii sauti ile kila kilima, akaruka na gogo lake mkononi kabla hajafikiri. Alianguka vibaya, na baada ya hapo hakuona kitu.

"Saidi yuko wapi?" akauliza. "Nawauliza tangu jana, wanasema ana homa, amelazwa sokoni. Wewe umepita huko. Umemwona?"

Mke wa mganga akatazama mlangoni. Mganga akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Na mimi, niliyeteswa na desturi hii tangu Bilele, niliyeapa juu ya mikeka kwamba nikimpata mtu wa kumpa habari nitampa pale pale na njaa yake, nikaisogeza sahani karibu na mdogo wangu.

"Kula kwanza," nikasema.

Mutalemwa akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akairudisha taratibu kwa kidole kimoja.

"Mmemzika wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, akimwita baba. Nami nikalia, nimekumbatia mguu wake, na ulikuwa wa moto, mguu wa mtu aliye hai. Mganga na mkewe wakaja kutushika mabega, wakituambia poleni, poleni sana, wakidhani tunamlilia mtu mmoja. Saidi, Mungu amrehemu, mimi nilikuja kumlilia kesho yake.